Ua Linalosubiri Mvua

Katika parseli moja ya mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, chini ya mparachichi, kuna kipande cha udongo ambacho mwezi Februari hakina hata jani. Kimezungushiwa mawe. Pembeni maharagi yamejaa, sombe imestawi, ila hapo katikati jembe haligusi wala maji hayamwagwi. Mama anayekitunza, ukimuuliza ni nini, hujibu kwamba maua yamo, mvua tu ndiyo haijafika.

Jibu hilo lilinikaa kichwani hadi nikarudi Machi. Mvua ilikuwa imenyesha mara chache tu, na ardhi ilikwisha kupasuka. Bua nene lilikuwa limechomoza peke yake, na kilele chake kimefungwa ndani ya vifuniko vyembamba. Siku zilizofuata vilifunguka, ua likatanuka pande zote likawa mpira mwekundu wenye upana wa shibiri. Ukiusogelea unaona kwamba si ua moja. Ni vijiua vingi mno, pengine hata mia mbili kwenye bua moja, kila kimoja kimetoa nyuzi zake nje na ncha za njano za chavua. Majani hufuata nyuma, ua likiwa tayari limejionyesha. Wiki moja au mbili, limenyauka.

Wataalamu wa mimea huliita Scadoxus multiflorus. Ni mwenyeji wa Afrika, toka Senegal hadi Afrika Kusini, na Kongo imo. Ulaya hulilea ndani ya nyungu, maana barafu huliua. Tulipu ni kinyume chake: tunguu lake hudai wiki kumi na mbili hivi za baridi kali kabla ya kuchanua, na Butembo, hata kwa usiku wake wa baridi ya milimani, iko karibu kabisa na ikweta, haipati baridi ya namna hiyo. Hapa kinachoamsha tunguu ni mvua baada ya kiangazi.

Mama huyu ametoka upande wa Beni, kwenye joto zaidi, ambako matunguu aliyachimba ukingoni mwa msitu. Huko kumekuwa na mauaji tangu Oktoba 2014, naye aliyakimbia. Nilitaka kujua kwa nini mtu anayekimbia na watoto abebe maua. Alinisahihisha: hakuyachagua. Wiki ile alikuwa ameyang'oa ili ayagawe, yalikuwa yanakauka barazani, yakaingia ndani ya kitenge pamoja na sufuria.

Butembo aliyapanda kiangazi kikielekea kwisha, shingo ya tunguu ikiwa sawa na uso wa udongo, mahali penye kivuli na pasipotuama maji. Msimu wa kwanza yalitoa majani matupu na majirani wakamcheka. Yeye hakushangaa, anasema tunguu likihamishwa hununa. Ndiyo maana hayachimbi kila mwaka, anayaacha yazaane na kubanana. Mbegu pia anazo: tunda jekundu likiiva anaiondoa nyama yake kwa maji na kuipanda mbegu papo hapo, kisha anasubiri miaka mitatu au zaidi kabla ya ua la kwanza.

Mwenye parseli angependa maharagi yafike hadi mparachichini. Je, aliyekimbia vita, anayelima ardhi ya mwenzake, ana haki ya kuweka kando udongo wa maua wakati chakula hakitoshi? Mimi niko upande wa mama, lakini silioni kosa la mwenye parseli. Na lipo lingine linalonisumbua zaidi. Ukingoni mwa msitu hakuendeki sasa. Matunguu yake haya yakioza, atapata wapi mengine?

Yeye hugawa. Jirani akija kuomba, hupewa tunguu moja pamoja na onyo, nami nalipitisha kama nilivyolipokea. Tunguu hili lina sumu. Katika sehemu mbalimbali za Afrika limetumika kuulia samaki na kupaka mishale, na likiwa kavu mtoto anaweza kulidhania kitunguu cha mboga. Ukipewa, lipande kabla ya mvua za Machi, lizungushie mawe, na lisilale jikoni hata usiku mmoja.