Makumbusho Kama Shule ya Uraia: Urithi wa Songwe na Mpaka wa Tunduma

Uraia wa kidemokrasia, yaani hali ya mtu kuwa si mkazi tu wa nchi bali mshiriki katika maamuzi yanayomhusu, hujengwa juu ya mazoea ambayo sanduku la kura peke yake haliwezi kuyafundisha. Raia anayepiga kura kila baada ya miaka 5 anahitaji, katika miaka yote iliyo katikati, desturi ya kuuliza habari imetoka wapi, ya kulinganisha ushahidi unaopingana, ya kumsikiliza mtu wa upande wa pili, na ya kukubali kwamba tukio moja laweza kusimuliwa kwa namna mbili bila ya msimulizi yeyote kuwa mwongo. Makumbusho ni miongoni mwa taasisi chache zinazoweza kumzoeza mtu mambo hayo, kwa sababu humwekea mbele ya macho kitu chenyewe na kumwachia nafasi ya kukitazama, kukitilia shaka na kukijadili na wenzake. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, unafaa sana kwa kulitafakari jambo hili, kwa kuwa una malikale zinazojulikana duniani kote, ilhali sehemu kubwa ya malikale hizo haionekani ndani ya Songwe.

Ile inayoonekana ni Kimondo cha Mbozi. Kimondo ni kipande cha mwamba au chuma kilichotoka angani na kufika ardhini bila kuteketea chote, na hiki cha Mbozi, kilichoko kijiji cha Ndolezi kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, ni bonge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, ambalo asilimia 90 yake ni chuma na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Uso wake una vishimo vingi vya duara kama alama za vidole gumba zilizobonyezwa kwenye udongo mbichi, alama zilizotokana na joto kali wakati kinapenya angahewa, na mahali pamoja panaonekana palipokatwa kipande kwa ajili ya uchunguzi. Ardhi iliyokizunguka ilichimbwa ili kimondo kibaki wazi pande zote, na mgeni aweza kukizunguka na kukigusa. Vitabu vingi huandika kwamba kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aliyeitwa W. H. Nott. Kauli hiyo yahitaji kusomwa kwa makini, kwa maana wenyeji wa Mbozi walilijua jiwe lao kabla ya mpima ardhi huyo kufika, na alichokifanya yeye ni kulitangaza kwa watu wa nje. Uzito wake nao hutajwa kuwa tani 12 katika maelezo fulani na tani 16 katika mengine, kwa sababu takwimu hizo ni makadirio.

Hapo ndipo kazi ya makumbusho kama shule ya uraia inapoanzia. Mwanafunzi anayeambiwa tani 12 na kukariri amepata tarakimu, lakini mwanafunzi anayeonyeshwa kwamba wataalamu wametofautiana, akaelezwa namna ukubwa na msongamano wa chuma unavyotumika kukadiria uzito, kisha akaulizwa yeye angekadiriaje, amefundishwa namna ya kuishi katika nchi ambamo takwimu za bajeti, za mavuno na za kura hutangazwa kila mara na kuhitaji kupimwa na akili za watu wengi. Vivyo hivyo, swali la nani aliyekigundua kimondo ni swali la madaraka, kwa kuwa huuliza ni ujuzi wa nani unaohesabiwa kuwa ujuzi. Kimondo cha Mbozi kimelindwa kisheria tangu mwaka 1967, na katika miaka ya karibuni usimamizi wake umekabidhiwa Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Ni jambo la kushukuru kwamba kimebaki mahali pake, tena wazi kwa mtu yeyote.

Habari ya kimondo cha pili cha mkoa huu ni tofauti kabisa. Mnamo Desemba 1938, huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Momba, yalianguka mawe meusi ambayo uzito wake wote uliokusanywa ulizidi gramu 700 kidogo tu. Mawe hayo ni ya aina adimu mno, yenye kaboni, maji yaliyofungwa ndani ya madini yake, na mchanganyiko wa elementi unaokaribiana na ule wa Jua lenyewe, ukiacha zile gesi nyepesi kabisa. Kwa sababu hiyo wanasayansi huyatumia kama kipimo cha namna mfumo wetu wa Jua ulivyokuwa ulipoanza, miaka ipatayo bilioni 4.5 iliyopita, na kundi zima la vimondo vya aina hiyo limepewa herufi ya jina la Ivuna. Chombo cha Japani kiitwacho Hayabusa2 kilipoleta duniani mchanga wa sayari ndogo ya Ryugu mwaka 2020, watafiti waliulinganisha na kundi hilo hilo na kuona ufanano mkubwa.

Kipande kikubwa cha Ivuna kimo katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, yaliyokinunua mwaka 2008. Ipo sababu ya kitaalamu ya kukiweka kwenye maabara yenye uangalizi mkali, kwa maana madini yake hubadilika yakikutana na unyevu wa hewa, na jiwe lililoachwa kwenye kabati la kawaida lingeharibika. Sababu hiyo ni ya kweli na yafaa kuheshimiwa. Hata hivyo, haizuii nakala ya kipande hicho, picha zake kubwa na maelezo yake kwa Kiswahili kuwepo Ivuna au katika miji ya Vwawa na Tunduma, na haielezi kwa nini mtoto wa Ivuna aweza kumaliza shule bila kusikia kwamba jina la kata yake limo katika vitabu vya sayansi ya anga vya dunia nzima. Ivuna hiyo hiyo ina chemchemi za chumvi ambazo uchimbaji wa kiakiolojia wa miaka ya 1960, yaani utafiti wa mabaki ya maisha ya watu wa kale, ulionyesha kuwa zilitumiwa kutengenezea chumvi karne nyingi kabla ya ukoloni. Jamii yenye historia ya namna hiyo haina sababu ya kujiona pembezoni mwa nchi.

Mabaki ya wanyama wa kale yaliyogeuka mawe, yanayoitwa visukuku, yanaongeza uzito wa hoja hiyo. Miamba ya Bonde la Ufa la Rukwa imetoa dinosaria aliyetangazwa mwaka 2017 kwa jina la Shingopana songwensis, na kabla yake, mwaka 2010, jamaa wa mamba mwenye meno yanayofanana na ya wanyama wanyonyeshao, aliyepewa jina la Pakasuchus kapilimai. Majina hayo yana Kiswahili ndani yake, na hilo lapendeza, lakini jina si sawa na kuonekana, na kuonyesha ndiyo kazi ya makumbusho.

Baraza la Kimataifa la Makumbusho, katika mkutano wake wa Prague mwaka 2022, lilikubaliana juu ya maana mpya ya makumbusho, kwamba ni taasisi ya kudumu isiyotafuta faida, inayoihudumia jamii kwa kutafiti, kukusanya, kuhifadhi, kufafanua na kuonyesha urithi unaoshikika na usioshikika, iliyo wazi kwa watu wote na inayofanya kazi kwa ushiriki wa jamii. Urithi usioshikika ni kama vile ngoma, simulizi, lugha na ujuzi wa mikono. Neno lenye uzito zaidi katika maana hiyo ni ushiriki, kwa kuwa makumbusho mengi ya Afrika Mashariki hayakuanza hivyo. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yalifunguliwa mwaka 1940 yakiwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza, na aliyeamua kitu gani kiwekwe humo na kielezwe vipi hakuwa yule ambaye kitu hicho kilitoka nyumbani kwake.

Baada ya Uhuru mambo yalianza kugeuzwa. Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1960, kilijenga nyumba za jadi za makabila mbalimbali, na baadaye kikaanza kuzialika jamii zenyewe zije kupika, kucheza na kueleza mila zao kwa maneno yao. Makumbusho ya Azimio la Arusha, yaliyofunguliwa mwaka 1977, yaliwapa wananchi nafasi ya kuitazama sera ya nchi yao kama jambo lenye chimbuko na historia, kwa hiyo kama jambo linaloweza kujadiliwa. Huko Songea, Makumbusho ya Majimaji yamejengwa mahali palipobeba kumbukumbu ya mashujaa 67 walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, na ni Songea hapo ambapo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi Novemba 2023. Tukio hilo linaonyesha kwamba kumbukumbu iliyotunzwa vizuri na wenyewe yaweza kuwa hoja mbele ya mataifa.

Songwe ina hoja yake pia, nayo iko Tunduma, mji ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia. Mji huu umezaliwa na mpaka, na mpaka wenyewe una tarehe: mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ulichora mstari kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika kwa namna ya kuiacha barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuyaunganisha maziwa hayo, upande wa Waingereza, na Wanyamwanga, wenyeji wa eneo hilo, wakajikuta wamegawanywa pande mbili bila kuulizwa. Mwanzoni mwa Novemba 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokaribia kwisha, majeshi ya Kijerumani yalipita Fife, jirani na Nakonde ya leo iliyo upande wa Zambia, kabla ya kusalimu amri Mbala tarehe 25 Novemba, siku 14 baada ya vita kusimamishwa Ulaya. Maofisa wa vita hiyo wameandikwa kwa majina, ilhali makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika waliokufa humo hawana hata orodha. Kisha ikaja reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 ili kuiwezesha Zambia kusafirisha shaba bila kuitegemea Rhodesia ya walowezi, na mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kikazinduliwa na marais wa nchi zote mbili.

Makumbusho ya mpaka yangeweza kuyaweka mambo hayo katika chumba kimoja: ramani ya mwaka 1890 kando ya simulizi za familia zenye ndugu pande zote mbili, kipande cha reli kando ya sauti za wastaafu walioitandika, nyaraka za forodha kando ya maelezo ya madereva wa malori, wabadili fedha na akina mama wafanyabiashara ambao huujua mpaka kuliko mkataba wowote. Ng'ambo ya mpaka, Mbala, yapo Makumbusho ya Moto Moto, ambayo msingi wake ni vitu vilivyokusanywa na padre mmisionari, Jean Jacques Corbeil, na yangefaa kuwa mshirika wa kwanza, kwa maana historia ya watu wa Tunduma haikuishia kwenye geti.

Wapo watakaosema kwamba mji wenye foleni za malori na mahitaji ya maji, shule na zahanati hauna nafasi ya makumbusho, na pingamizi hilo ni la haki. Lakini gharama kubwa ya makumbusho ni jengo, na jengo si lazima liwe la kwanza. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limo katika mtaala mpya, na wanafunzi wa Mbozi, Ileje, Momba na Tunduma wangeweza kuanza kwa kuorodhesha vitu vilivyomo majumbani, nani alivitengeneza, nani anavimiliki na nani haruhusiwi kuviona kwa mujibu wa mila, maana vipo vitu ambavyo kuvionyesha hadharani ni kuwakosea wenye navyo. Orodha hiyo ikisomwa mbele ya mkutano wa kijiji au mtaa, ambao kisheria ni wa wakazi wote watu wazima, swali la nini kihifadhiwe na nani akisimulie litaamuliwa na wengi kwa kujadiliana. Ibara ya 27 ya Katiba humpa kila mtu wajibu wa kulinda mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi, na wajibu huo hautekelezeki kwa mtu asiyejua mali hiyo ni ipi. Maelezo ya vitu yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, na pale inapowezekana kwa Kinyiha, Kinyamwanga na Kindali, lugha ambazo wazee wengi wangetumia kuyasahihisha.