Konokono wa Plymouth na Rangi ya Meli

Mwaka 1970 mtafiti Stephen Blaber aliripoti jambo la ajabu kutoka miamba ya Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza. Konokono wa baharini wa kike walikuwa wameota kiungo kinachofanana na uume, nyuma ya kipapasio cha kulia. Konokono hao, ambao wanasayansi huwaita Nucella lapillus, si huntha: dume ni dume na jike ni jike. Mwaka uliofuata, ng'ambo ya Atlantiki, B. S. Smith alieleza hali hiyohiyo kwa konokono wa aina nyingine katika jimbo la Connecticut, Marekani, akaiita imposeksi. Chanzo chake hakikujulikana. Konokono walikuwa hai, wakila na kutambaa kama kawaida. Hapakuwa na samaki waliokufa wakielea, wala harufu, wala mafuta yaliyotanda juu ya maji.

Hapo ndipo penye ugumu wa kuchunguza uchafuzi wa bahari. Tumezoea kuhesabu mizoga. Lakini sumu nyingi haziui, bali huzuia kuzaa, na kizazi ambacho hakikuzaliwa hakiachi mzoga wa kuhesabiwa.

Sumu ya Plymouth ilitoka kwenye rangi ya meli. Chombo chochote kikikaa majini huvamiwa na mwani na viumbe wenye magamba, kikawa kizito na kupoteza mwendo. Mabaharia wa pwani yetu walikuwa wakikipandisha chombo mchangani, wakakikwangua, kisha wakakipaka chokaa iliyochanganywa na shahamu. Kuanzia miaka ya 1960 viwanda vya rangi vikaleta dawa kali zaidi: tributiltini, kwa kifupi TBT, kemikali yenye madini ya bati. Baadaye ikatengenezwa rangi inayojimomonyoa polepole majini, ikitoa sumu kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Meli zilibaki laini na zikatumia mafuta machache. Wenye meli waliipenda, na faida waliyoiona ilikuwa ya kweli.

Wa kwanza kuumia mifukoni walikuwa wafugaji wa chaza wa ghuba ya Arcachon, Ufaransa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 chaza wachanga karibu walitoweka kabisa, na wakubwa wakaota magamba manene yenye vyumba vilivyojaa ute, wasiouzika sokoni. Mavuno yaliyokuwa zaidi ya tani 10,000 kwa mwaka yakashuka hadi karibu tani 3,000 mwaka 1981. Claude Alzieu na wenzake walifuatilia chanzo hadi kwenye rangi ya boti za starehe zilizofurika ghubani humo. Ufaransa haikungoja kila swali lijibiwe. Mwaka 1982 ilipiga marufuku rangi hiyo kwa boti zisizofikia mita 25, na chaza wachanga wakaanza kuonekana tena.

Kwa upande wa konokono, jibu lilipatikana Plymouth kwenyewe. Geoffrey Bryan, Peter Gibbs na wenzao walichapisha mwaka 1986 kazi ambayo, kwangu mimi, ni miongoni mwa chunguzi bora kabisa za uchafuzi wa bahari. Hawakuishia kuonyesha kwamba hali ilikuwa mbaya karibu na maegesho ya boti na nafuu mbali nayo. Waliwahamisha konokono wazima hadi maji machafu, wakawaona wakibadilika. Wakawaweka wengine maabara katika maji yenye TBT, na matokeo yakawa yaleyale. Walieleza pia jinsi madhara yanavyotokea: jike huota mrija wa kiume, mrija huo unakua hadi kuziba tundu la kutolea mayai, na vifuko vya mayai vinarundikana ndani mwake. Jike huwa tasa, na wengine hufa kwa kulemewa na mayai yao wenyewe.

Kipimo kinachotosha kuleta balaa hilo ni vigumu kukiamini. Mabadiliko huanza TBT inapofikia takriban nanogramu moja katika lita ya maji, au hata chini ya hapo. Hiyo ni sawa na gramu moja iliyoyeyushwa katika lita bilioni moja. Mitambo ya kemia ya wakati ule ilipata shida kupima kiasi kidogo namna hiyo, lakini mwili wa konokono ulikuwa umekwisha kukipima. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba TBT huvuruga kimeng'enya cha homoni. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha njia nyingine: inajipachika kwenye kipokezi cha seli kiitwacho RXR na kuamsha ukuaji wa viungo vya kiume.

Uingereza iliweka marufuku yake kwa boti ndogo mwaka 1987. Meli kubwa ziliendelea. Mkataba wa Shirika la Kimataifa la Bahari ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika Septemba 2008, miaka 38 baada ya ripoti ya Blaber. Wakati huo imposeksi ilikwisha kuonekana kwa spishi zaidi ya 150 za konokono duniani.

Nafuu imekuja, kwa mwendo wa konokono. Watoto wa Nucella hutoka kwenye vifuko vilivyobandikwa mwambani wakiwa tayari wanatambaa. Hawana hatua ya kuelea na kubebwa na mkondo. Mwamba uliopoteza konokono wake wote hungoja muda mrefu kupata wengine. Hata hivyo huko Sullom Voe, visiwa vya Shetland, penye kituo kikubwa cha mafuta, watafiti waliowafuatilia konokono kwa miongo wamewaona wakirudia hali nzuri.

Yaliyobaki yapo chini. Majini TBT huoza kwa siku au wiki, lakini ndani ya tope lisilo na oksijeni inaweza kudumu miaka mingi. Na dawa zilizoshika nafasi yake nazo zina kesi zao. Irgaroli, iliyochanganywa na shaba katika rangi nyingi mpya, huzuia usanisinuru, hivyo hudhuru mwani, nyasi bahari na matumbawe. Tangu Januari 2023 nayo imo katika marufuku ya mkataba uleule.

Jamaa wa konokono hao wapo pia kwenye miamba ya Afrika Mashariki, na bandari kama Mombasa na Dar es Salaam huchimbwa ili kuongeza kina. Kila mtambo unapochota tope, kilichozama kinaweza kurudi majini. Kumchunguza konokono hakuhitaji mtambo wa mamilioni: jiliwa ya kuvunjia ganda, hadubini ndogo na mwanafunzi aliyefunzwa vinatosha. Uchunguzi huo ufanyike kabla ya uchimbaji na urudiwe baada yake, na matokeo wayapate wavuvi wa jirani kama wanavyoyapata wahandisi.