Land Rover ya Marehemu Babu, Kadi Hamna!

Ukizunguka Songea na vijiji vyake, usishangae kuikuta: Land Rover ya enzi hizo imepaki chini ya mwembe, matairi hayana upepo, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva.

Siku hizi wenye vijisenti wanazisaka kwa tochi. Arusha walipofanya tamasha lao la Land Rover, Oktoba 2024, ndio kabisaaa! Kila mtu anataka ya kwake, aipige rangi, apite nayo Lizaboni mkono nje ya dirisha. Sasa sikia jibu la muuzaji: "Kadi ilipotea zamani mwanangu, ila gari ni letu."

Hapo ndipo watu wanapoingia mkenge.

Anza na chuma. Kibati cha ndani usikiamini, kinang'oka na kuhamia gari jingine. Namba yenyewe imegongwa kwenye chesesi, mbele kulia, pale springi inaposhikwa. Fundi asugue kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Kwa Series IIA, iliyotoka kuanzia 1961 hadi 1971, namba ikianza na 242 ni ile fupi ya petroli, usukani kulia, ya kuuzwa nje ya Uingereza. 252 ni ndefu, yaani 109. Sasa ukiuziwa fupi halafu chesesi inasema 252, uliza bodi hiyo imevalishwa mifupa ya nani. Injini isikutie presha, nyingi zilishabadilishwa.

Wapo pia wenye kadi bila gari! Gari lilishakwenda skrepa kitambo, kadi imebaki kabatini, basi namba inagongwa kwenye chesesi nyingine. Ukiona tarakimu zinang'aa kwenye chuma cha kutu, au alama za kuchomelea pembeni, timua mbio.

Makumbusho ya magari ya Gaydon, Uingereza, hutoa cheti kwa malipo: gari lilitoka lini kiwandani, lilipelekwa wapi. Safi sana kwa kutundika sebuleni. Ila hakisemi mwenye gari ni nani leo.

Na hilo ndilo swali, ndugu msomaji. Kama babu ameshafariki, muuzaji ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mjomba mwenye ufunguo siye, hata kama ndiye anayelifagilia. Shangazi wa Tunduru akisikia limeuzwa bila yeye, atapanda basi la kwanza, na wewe umeshanunua rangi na matairi mapya! Sheria haikupi haki ambayo muuzaji mwenyewe hakuwa nayo. Na kama lilikuwa la serikali au shirika la umma, akuonyeshe stakabadhi ya mnada.

Tena TRA ilianza kazi Julai 1996. Gari lililolala tangu miaka ya themanini bado lina namba ya zamani, kwa hiyo karatasi zake zitafutwe mapema, sio baada ya kulipaka rangi.

Hela zisitoke mfukoni kwanza. Muuzaji aende polisi aripoti kupotelewa kadi, kisha TRA waangalie kumbukumbu zao, apate kadi nyingine. Ndipo muandikishane mkataba na kuhamisha umiliki. Akikuambia polisi ni mbali, mwachie kuku wake waendelee kutaga.