Tahadhari za Kiafya kwa Wasaka Vifichwa katika Miamba ya Tarime

Mwezi Mei 2000, Marekani ilipoacha kupunguza kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia, mtu mmoja wa jimbo la Oregon alificha ndoo msituni na kutangaza longitudo na latitudo yake. Ndivyo ulivyoanza mchezo wa jiokeshingi, ambao washiriki huficha kasha dogo na wengine kulitafuta kwa msaada wa simu.

Simu, hata iliyo bora, humfikisha mtafutaji mita chache kutoka kwenye kasha. Mita hizo za mwisho hutafutwa kwa mikono, nayo miamba ya vilima vya Tarime na Serengeti imejaa nyufa ambazo jicho halifiki ndani. Hatari hiyo humkabili pia mama anayeokota kuni na mtoto anayechunga ng'ombe, ambao hawana habari na mchezo wowote.

Kifutu hakimbii anaposikia hatua; hutulia, akitegemea rangi yake kumficha. Koboko naye hupenda kupumzika katika nyufa za mawe. Kwa hiyo ufa huchunguzwa kwanza kwa tochi, kisha kwa fimbo ndefu, na kasha lisiloonekana waziwazi huachwa lilipo. Anayeficha kasha naye ana wajibu: aliweke mahali ambapo halihitaji mkono kuzama gizani.

Aliyeumwa asikimbie, kwani mwendo huharakisha kusambaa kwa sumu. Pete, bangili na saa zivuliwe mapema kabla ya uvimbe, kiungo kitulizwe kwa banzi, na mgonjwa abebwe hadi kituo cha afya. Kufunga kamba kwa nguvu, kuchanja kwa wembe, kunyonya jeraha na kubandika jiwe jeusi havitoi sumu mwilini, na kamba huweza kuua nyama za kiungo chenyewe. Swila akitema sumu machoni, macho yaoshwe mara moja kwa maji safi mengi, bila kuyafikicha. Si kila kituo kina dawa ya kupambana na sumu ya nyoka. Ni busara kuuliza inapopatikana kabla ya safari, wala si baada ya kuumwa. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017.

Maduara ya dhahabu yaliyoachwa, yanayopatikana katika maeneo ya uchimbaji kama Nyamongo, yasihesabiwe kuwa mapango. Kuta zake hubomoka, na hewa ya chini huweza kukosa oksijeni bila harufu yoyote ya kuonya. Anayeshuka kumwokoa mwenzake bila vifaa mara nyingi huanguka kando yake.

Mapango yenye popo wa matunda yana tatizo jingine. Mwaka 1980 na 1987, wageni wawili walifariki kwa ugonjwa wa Marburg baada ya kutembelea pango la Kitum, upande wa Kenya wa Mlima Elgon. Dalili huanza siku 2 hadi 21 baada ya maambukizi, kwa homa kali na maumivu ya kichwa na misuli, mithili ya malaria. Aliyeingia katika pango la popo kisha akapata homa ndani ya siku hizo 21 amweleze mhudumu wa afya mara tu anapofika, kabla hata ya kutolewa damu ya kipimo.