"Pole" si "nisamehe": Chunga neno unalomwambia uliyemkosea

Je, msomaji, umewahi kumkosea mtu, ukamwambia "pole", naye badala ya kutulia akazidi kuwaka? Hayo yalinipata mimi majuzi, tena kwa mama yangu mzazi.

Nilikuwa nimemwahidi kumpeleka kliniki ya macho siku ya Jumatano. Kazi zikanizonga, nikasahau kabisa. Mama alingoja kando ya barabara tangu saa moja asubuhi hadi saa nne, akapanda matatu peke yake, na alipofika akaambiwa amechelewa, arudi mwezi ujao. Nilipompigia simu jioni nilisema, "Pole sana, Mama." Akanyamaza. Kisha akajibu, "Pole nimepewa na makanga. Yeye hakuniahidi kitu." Akakata simu.

Kusema kweli nilikasirika kidogo. Lakini hebu tulitazame neno lenyewe. Pole ni neno la mtu aliye kando. Hupewa aliyejikwaa, mwenye homa, aliyetoka safari, hata anayelima juani: "pole na kazi". Anayelitamka hadaiwi chochote. Watu wa pwani hujibu "nimeshapoa", na jibu hilo lafichua mengi: aliyeumia ana joto la maumivu, nawe unamtakia apoe. Ni neno la huruma, na ni zuri mno mahali pake. (Ila ukiongeza "yako" likawa "pole yako", jua umeshamcheka mwenzio.)

"Samahani" ni jingine. Hapo unakubali kwamba mkono ulioumiza ni wako. Tatizo ni kuwa neno hili limechakaa. Tunalitumia kupenya katika matatu, kuuliza njia, kumkatiza anayezungumza. Kwa kosa kubwa linaonekana jepesi kama unyoya.

Ndipo tunafika kwa "nisamehe". Hili ni ombi, na ombi humwachia aliyekosewa nafasi ya kukataa. Nadhani ndiyo sababu mabwana wengi hulikwepa. Yule anayerudi nyumbani saa saba za usiku husema, "Pole mama watoto, umengoja sana," kana kwamba kilichomchelewesha ni mafuriko. Mkewe husikia huruma kutoka kwa mtu yule yule aliyemkesheza, na chakula kilichopoa mezani huzidi kupoa. Bwana naye huenda kulala akilalamika kwamba ameomba msamaha na hakusikizwa. Hakuomba!

Sehemu ya lawama naitupia "sori" tuliyoipata kwa Kiingereza. Neno hilo moja hubeba mizigo yote miwili, huruma na toba, na majumbani mwetu limeingia hadi jikoni. Baba asema sori, mtoto asema sori, aliyekosewa abaki akikisia ni sori ipi. Ajabu ni kwamba sisi nasi tumeligeuza. Mgeni kutoka Uingereza akijikwaa jijini Nairobi, Mkenya aliye karibu humwambia "sori", naye mgeni hushangaa, kwani si huyu aliyemwangusha. Mkenya wa watu anatoa pole tu, kwa mdomo wa Kiingereza.

Kwa mzazi kuna neno zito kuliko yote hayo: "niwie radhi". Radhi hiyo ndiyo ile ile ya radhi za wazazi, ambayo wengi huamini kwamba mtoto akiikosa mambo yake hayanyooki. Ukimwambia mama niwie radhi, humwombi asahau kosa pekee. Unamwomba moyo wake urudi kwako. Vijana wengi siku hizi hulisikia redioni tu, mtangazaji mitambo inapomharibikia.

Jumamosi nilifunga safari hadi nyumbani. Sukari na mkate niliviacha kwanza mlangoni, asije akadhani nimekuja kulipa kosa kwa vifurushi. Nilimkuta akichambua mboga. Nikasema, "Mama, niwie radhi. Niliahidi, nikasahau."

Hakusema amenisamehe. Aliuliza ile tarehe ya mwezi ujao itaangukia siku gani. Nikamwambia ni Alhamisi. Akanisogezea sinia ya mboga nimsaidie kuchambua.