Mishipi ya Mvuvi

Neno mshipi lina maana mbili: ukanda wa kiunoni, na uzi wa kuvulia samaki. Mvuvi wa pwani huushika mshipi mkononi pasipo ufito, kwa kuwa kidole ndicho kimwambiacho kwamba samaki amegusa chambo. Basi, aendapo mwambani, achukue mingapi? Mmoja hautoshi, maana matumbawe huukata, ndoana na chubwi zikapotea. Asiye na wa akiba hurudi mapema, na nyumbani hakuna kitoweo. Lakini atiaye miwili majini huvutwa huku na huku, ndipo isemwapo, “Mshika mbili moja humponyoka.” Mwalimu aifafanuapo methali hii na aangalie: haikatazi kuwa na viwili, bali kuvishika pamoja. Mvuvi huchukua miwili, huvulia mmoja.