Tauni na Bonde la Nairobi

Mwaka 1902 tauni ilizuka katika Bazaa ya Wahindi, Nairobi, nayo bazaa ikatiwa moto kwa amri ya daktari wa Serikali. Maradhi hayo yalikuwa yamekwisha kuingia Hong Kong mwaka 1894 na Bombay mwaka 1896, yakisafiri kwa meli. Lakini panya huhitaji makao, na Nairobi waliyapata. Tangu reli ilipofika mwaka 1899, maduka yalisongamana bondeni karibu na kinamasi, penye udongo mweusi usiopitisha maji. Taka zilirundikana, panya wakazaana, viroboto wao wakauma watu. Moto uliteketeza nyumba. Bonde lilibaki vile vile, na baada ya miaka kadhaa tauni ikarudi. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alishauri watu watengwe kwa rangi. Vilima vya magharibi, vyenye udongo mwekundu unaokauka upesi, vikabaki vya Wazungu, ingawa bonde ndilo lililohitaji mifereji.